Utando wa Zambarau

Mlioniandalia sherehe ya kuniaga, na soda, na ile hotuba ya katibu iliyoanza jua likiwa juu ikaisha limeshaelekea milimani, asanteni sana. Nimechoka. Nalisema hili mapema ili asiyependa maneno ya mzee aliyechoka aishie hapa, tusilaumiane. Zaidi ya mmoja kati yenu ameniuliza kwa nini nimeacha kazi wakati bado nilikuwa naruhusiwa kuendelea, nami nikajibu kwa mzaha kwamba mgongo umegoma. Mgongo wangu hauna neno. Jibu la kweli ni refu, linaanzia miaka ya hamsini, na linamhusu mtu ambaye hakuna hata mmoja wenu aliyemwona. Ni Mzee Kihwele, aliyenifundisha kazi ya vioo, na habari yenyewe ni ya macho yake.

Vyeo sitavitaja. Mishahara ndiyo kabisa, maana nikianza hapo nitamaliza karatasi kwa kulalamika. Nitaanza siku ile niliyoingia karakana ya Mbeya, asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya mlima Loleza ikiwa imeshuka mpaka mlangoni. Nilikuwa nimetoka kwetu Tukuyu, nimeoa karibuni, najiona mtu mzima. Karakana ilikuwa ya matofali ya kuchoma na paa la bati, na kazi yake ilikuwa kutunza vyombo vya wapima ardhi: tiodolaiti za kupimia pembe, leveli za kupimia miinuko ya ardhi, dira, na darubini za kila namna. Fundi wa vioo alikuwa Mhehe wa Idodi, mrefu, amevaa kabuti la jeshi ambalo hakulivua hata jua lilipowaka. Alikuwa amejifunza kazi hiyo vitani, akitengeneza darubini za maofisa.

Nilimwamkia. Akaitikia, akanipa kioo cha mviringo, akaniambia nikifute. Nikafanya alivyofanya kila mtu niliyewahi kumwona akifuta kioo: nikakihemea, nikakisugua kwa shati. Alikipokea, akakipeleka dirishani, akakigeuza mpaka jua likakipiga kwa ubavu. Nikaona mikwaruzo, myembamba, imezunguka kama nyasi zilizolala. Akaniambia nimeshaandika jina langu pale na halitafutika, kwa hiyo kioo hicho nikae nacho. Ninacho mpaka leo. Wale niliowapa kioo cha kufuta siku yao ya kwanza sasa wanajua nilikotoa ujeuri ule.

Kwa muda mrefu baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kufua matambara tu. Fulana za pamba zilizochakaa, zinachemshwa bila sabuni, zinaanikwa ndani kwa sababu uani kuna vumbi. Halafu nikafundishwa mpangilio wake, ambao nyinyi mnaujua lakini baadhi yenu mnauruka mkidhani sioni: kwanza pumzi ya mpira wa kubonyeza, vumbi liondoke lenyewe, kisha brashi laini, kisha pamba yenye spiriti, kuanzia katikati ukizunguka kwenda nje, na upande wa pamba uliokwisha gusa kioo haugusi tena. Mzee Kihwele alisema kioo hakiharibiwi na uchafu, kinaharibiwa na mtu mwenye haraka ya kuuondoa. Yakumbukeni maneno hayo, maana yeye mwenyewe yatamrudia.

Adui yetu mkubwa alikuwa ukungu. Chombo kilichokaa msimu mmoja wa mvua Tukuyu kilirudi na nyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya lenzi, na ukichungulia unaona kila kitu kimo ndani ya moshi. Dawa yake ilikuwa mchele. Tulikaanga mchele wa Usangu kwenye sufuria mpaka ukakauka kabisa na kubadilika rangi, tukauacha upoe kwenye mtungi uliofunikwa, tukaushona kwenye vifuko vya kitambaa na kuvilaza ndani ya masanduku ya vyombo, unyonye unyevu. Karakana nzima ilinukia kama jikoni. Ndipo dereva wa lori letu, Chidawali, aliposimama mlangoni na kutangaza kwamba Wahehe wamekosa mbwa wa kula, sasa wanapika vioo.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi utani mnauona harusini na misibani tu. Chidawali alikuwa Mgogo. Mgogo na Mhehe ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Chidawali alimwambia Mzee Kihwele mambo ambayo mimi ningeyasema ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Alimficha kofia. Alimwambia kabuti lake limezikwa mara mbili likafufuka. Naye Mzee Kihwele, mtu ambaye hakucheka na yeyote, alimjibu kwamba njaa ya Ugogo imempanda kichwani, apewe mchele wa vioo atafune. Kisha walikunywa chai pamoja, kikombe kimoja, wakipokezana. Mimi sikuwa mtani. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi hana utani na mwalimu wake.

Msimamizi wetu alikuwa Mzungu ambaye jina lake halisi lilitushinda. Tulimwita Bwana Polepole, kwa kuwa kila jambo alilieleza mara nyingi, polepole, kwa Kiswahili cha kuokoteza, na hakuondoka mpaka uitikie kwamba umeelewa. Tulizoea kuitikia mapema. Lakini siku zilipofika leveli mbili mpya, pacha, za kazi ya mfereji wa umwagiliaji kule Rujewa, nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu lenzi zake za mbele zilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona. Zilikuwa na rangi. Ukikigeuza kioo kwenye mwanga, dirisha lililoonekana juu yake halikuwa jeupe, lilikuwa zambarau, tena hafifu.

Bwana Polepole akatueleza. Kila uso wa kioo unarudisha nyuma sehemu ya mwanga unaokuja. Darubini ina vioo vingi, na kila kioo kina nyuso mbili, kwa hiyo mwanga mwingi unafia njiani kabla ya kufika jichoni. Wataalamu wamegundua kwamba ukikivika kioo utando mwembamba sana, mwembamba kuliko ule wa juu ya maziwa mara nyingi mno, mwanga unaorudi unapungua na unaopita unaongezeka. Utando huo hupikwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote: madini yanachemka, yanakuwa mvuke, yanatua juu ya kioo. Alisema tando nyingine zinatengenezwa kwa oksidi za madini ya udongo adimu, jamaa wa ule unga wetu wa rangi ya waridi wa kung'arishia vioo, na jamaa wa dawa iliyomo kwenye soksi ya karabai inayoifanya itoe mwanga mweupe. Nilishangaa kwamba udongo wa ukoo mmoja mahali fulani unakwangua kioo, mahali pengine unawasha taa, na pengine unakivika nguo.

Kisha akaongeza neno moja ambalo afadhali angelinyamazia. Alisema utando ukiwa mnene kupita kiasi, au ukipikwa vibaya, wenyewe unakuwa mwizi: unameza mwanga badala ya kuupitisha. Mzee Kihwele akauliza mtu atajuaje kama utando ni mzuri au ni mwizi. Bwana Polepole akajibu, kwa kuangalia rangi yake. Mzee Kihwele akachukua lenzi, akaigeuza dirishani, akaigeuza tena. Akasema yeye anaona doa la chai.

Tulicheka. Tulidhani anatania.

Sasa niwaambie tulichokuwa tunakijua wote. Tangu mvua za mwaka uliotangulia Mzee Kihwele alikuwa amehamisha meza yake ikagusa dirisha. Alisema soksi za karabai za siku hizi ni mbovu, hazitoi mwanga kama zile za kabla ya vita. Alisema vioo vinavyoletwa vimepoa. Vile vipimo vidogo vilivyochongwa kwenye duara la tiodolaiti, ambavyo ndivyo chombo chenyewe, alianza kuniambia nivisome mimi, ati nijifunze. Nilikwisha kujifunza zamani. Nilivisoma kwa sauti, naye akaandika, na kama aliandika nje ya mstari niliinakili karatasi upya, nikisema wino ulimwagika. Fundi wa mbao alimsogezea kiti kabla hajakikosa. Mpishi wa chai alimpa kikombe mkononi, hakukiweka mezani. Hakuna aliyekaa chini na mwenzake kukubaliana tufanye hivyo. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa wako anapopungukiwa, unasogea kidogo kuziba pengo, na unaangalia pembeni.

Aliyesema ni mmoja tu. Chidawali alisema kila siku. Alimwambia, wewe Mhehe, jicho lako limeota utando, mbwa uliowala wamekuja kulala humo. Alimwambia, unauamkia mlango, mimi niko huku. Mzee Kihwele alicheka mpaka akakohoa, akamrudishia tusi la njaa, mambo yakaishia hapo. Ukweli ulisemwa mbele ya watu wote, kwa sauti, na haukuingia. Neno la mtani halikai sikioni. Ukilishika kwa uzito, watu watakuona mjinga.

Basi, yakatokea yaliyotokea. Leveli pacha zilikuwa zinaandaliwa kwenda Rujewa. Wapima walikuwa wanazisubiri, kwa sababu kwenye mbuga ile ya Usangu ardhi imelala kiasi kwamba macho hayawezi kujua maji yatakwenda upande gani. Leveli tu ndiyo inayojua. Bwana Polepole alituagiza tuzisafishe kwa brashi peke yake, utando usiguswe. Mimi nikatumwa stesheni ya mabasi kuchukua mzigo uliotoka Iringa. Niliporudi nilimkuta Mzee Kihwele ameinama dirishani, mikono imejaa unga wa waridi.

Alikuwa ameitoa lenzi ya leveli ya kwanza na kuilaza kwenye kitambaa kizito, anaisugua kwa unga na maji, akizunguka, akizunguka, kwa ile subira yake yote. Kazi safi kabisa. Aliposikia hatua zangu aliinua uso, na uso ule ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi. Akaniambia ule utando ulikuwa mwizi, amechungulia ndani ya leveli akakuta giza, akajaribu spiriti doa likagoma kutoka, ndipo akachukua unga. Sasa limetoka. Akaninyooshea nitazame. Kioo kilikuwa cheupe katikati, na pembeni zambarau ilikuwa imebaki vipande vipande, kama rangi ya ukuta iliyobabuka.

Nilisema, "Ndiyo, Mzee, limetoka." Nikaenda kukaa.

Bwana Polepole alipoiona hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliishika lenzi, akamtazama Mzee Kihwele, akauliza kwa nini amefanya alichokatazwa. Mzee Kihwele akajibu kwamba kioo kilikuwa kichafu. Bwana akasema hakikuwa kichafu, na kila mtu mle ndani alikuwa ameambiwa. Akajibiwa tena kwamba kilikuwa kichafu. Wakaenda hivyo, mmoja akisema anachokiona na mwingine akisema anachokiona, mpaka Bwana akafikia uamuzi wake: mzee huyu ni mkaidi, amechoka kuamriwa, ameharibu mali makusudi. Leveli moja ingekwenda Rujewa, nyingine ingerudishwa ng'ambo ilikotoka. Na Jumatatu Mzee Kihwele angefukuzwa, si kwa uzee bali kwa ukaidi, aende Idodi bila kitu na bila jina.

Ilikuwa Ijumaa. Mtu anayefukuzwa kwa ukaidi hapelekwi hospitali. Mgonjwa hupelekwa. Ili awe mgonjwa, mtu lazima amwambie Bwana kwamba haoni; na ili amwambie Bwana, lazima mwenyewe akubali kwanza, maana angekana na sisi tungeonekana waongo. Nilimtafuta Chidawali nyuma ya karakana, alikuwa chini ya lori. Nikamweleza. Akatoka, akafuta mikono, akaniuliza kwa nini nimkimbilie yeye wakati yeye amekwisha kumwambia mtu huyo jambo hilo kila siku. Nikasema ndiyo maana, ila safari hii aseme bila utani. Akatazama mikono yake, kisha akasema kwamba ninachomwomba ni kitu kibaya kuliko ninavyofikiri.

Saa ya chai akaingia. Akavua kofia. Mlangoni pale pale akasema, kwa Kihehe, "Kamwene, Mzee Kihwele."

Nadhani mchele uliokuwa kwenye sufuria uliungua, na hakuna aliyejali. Hakuwahi kumwamkia kwa heshima. Hakuwahi hata kumwita jina, alimwita Mhehe. Mzee Kihwele aligeuka kuelekea sauti ile, tayari anatabasamu, anasubiri tusi.

"Haya, malizia," akasema.

"Nimemaliza. Leo sikutanii, mzee wangu. Macho yako yameharibika. Ile lenzi haikuwa na uchafu."

Mzee Kihwele aliendelea kusubiri. Tabasamu lilikaa usoni mpaka likawa halina mwenyewe. Alisubiri kicheko cha Chidawali, akasubiri chetu, na hakikuja. Ndipo akaweka mikono juu ya meza, viganja chini, kama anayepima kama meza bado ipo. Akauliza ni tangu lini. Chidawali akasema tangu mvua za mwaka jana. Kisha Mzee akageuza uso kwangu, karibu na mahali nilipokuwa.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Mzee."

"Na hawa?"

Fundi wa mbao alitazama sakafu. Mzee Kihwele akatikisa kichwa taratibu, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya hasira. Ilikuwa imechoka, na uchovu ule nimeuelewa mwaka huu tu.

"Basi," akasema, "nyote mlikuwa mnaniheshimu."

Alikwenda mwenyewe kwa Bwana Polepole, Chidawali akiwa ubavuni bila kumshika mkono. Walizungumza muda mfupi. Bwana alimsimamisha mlangoni penye mwanga, akamtazama machoni kwa karibu, na nadhani alikiona kile ambacho sisi tulikwepa kukitazama, ile rangi ya kahawia katikati ya mboni. Aliporudi karakanani alikuwa amefuta neno la kufukuza, akasema mzee aende hospitali ya misheni upande wa Iringa. Aliongeza kwamba laiti angeambiwa mapema. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, mara moja tu, na safari hii alieleweka.

Jumatatu Chidawali alimchukua kwa lori. Mimi nilibaki na meza yake. Sitawadanganya kwamba nilifurahi kuipata. Leveli moja ilikwenda Rujewa, kazi ikafanyika kwa kusuasua, wapima wakatulaani, na mfereji hatimaye ukapeleka maji. Nilikaanga mchele. Nilifua matambara. Kila Chidawali aliporudi safari nilimwuliza habari, naye akanieleza kwa kifupi: daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, amepasuliwa moja, amelazwa chali kichwa kimebanwa kwa vifuko vya mchanga asijigeuze, la pili limechelewa, hawataligusa. Aliyaeleza bila mzaha wowote. Nilimwuliza kama wamerudia utani. Akasema amejaribu, mwenzake anacheka, lakini sasa anacheka baada ya kufikiri kwanza.

Mzee Kihwele alirudi kiangazi kilichofuata. Alishuka kwenye lori amevaa miwani minene ajabu, macho yake nyuma ya vioo yakiwa makubwa kama ya bundi. Alikanyaga chini kwa kuinua mguu juu mno, kwani ardhi ilimjia karibu. Alipomimina chai alimimina pembeni ya kikombe. Kwa kazi ya vioo hakufaa tena na alilijua hilo kabla hajashuka. Alikuja kuchukua kabuti lake na vifaa vyake viwili vitatu. Akatuamkia wote kwa majina, mmoja mmoja, akituangalia sana, na kwa fundi wa mbao akasema, kumbe una mvi.

Kisha akaniomba leveli. Ile ya pili ilikuwa imerudi kutoka Rujewa, nzima. Nikaitoa sandukuni, nikatoa kifuko cha mchele, nikamwekea mezani kwake, yaani kwangu. Aliinama. Akaigeuza lenzi ya mbele kuelekea dirishani, polepole, kwa ubavu, vile vile alivyonionyesha siku ya kwanza.

Akaigeuza tena. Nje fundi wa mbao aliacha kupiga randa.

"Rangi hii," akasema, "ilikuwepo siku ile?"

"Ilikuwepo, Mzee."

"Na ile niliyoisugua?"

"Ilikuwepo na yenyewe. Zilikuwa pacha."

"Kama ua la kiazi," akasema. "Mimi nilikuwa naona chai."

Ilinichukua miaka kukielewa kisa hicho sawasawa, na daktari mmoja alinisaidia baadaye. Ugonjwa wa mtoto wa jicho wa namna ile unaifanya mboni kuwa ya kahawia. Hauleti giza tu. Unakula kwanza rangi za upande wa bluu na zambarau, polepole, bila kuaga. Ndani ya jicho la Mzee Kihwele ulikuwepo utando uliopikwa vibaya, ule mwizi hasa aliousema Bwana Polepole, naye akautafuta juu ya kioo. Alipotazama zambarau akaona uchafu. Hakusema uongo hata kidogo, na hakuwa mkaidi. Alisafisha alichokiona.

Alivaa kabuti. Mlangoni alinishika bega, akanitazama kwa yale macho makubwa, nikawa najiona mdogo ndani ya miwani yake. Akaniuliza kama ninaye mtani hapa kazini. Nikasema sina. Akasema nitafute. Kisha Chidawali akampigia honi, akamwita Mhehe, akamwambia afanye haraka kwani mbwa wa Idodi wameanza kukimbia kwa habari kwamba anarudi na miwani. Mzee Kihwele alifikiri kwanza, halafu akacheka. Sikumwona tena. Walifariki miaka inayofuatana, yeye na Chidawali, na niliambiwa kwamba kwenye msiba wa Idodi Mgogo ndiye aliyeimba matusi kwa sauti kubwa kuliko wote, ndiye pia aliyelia mpaka akabebwa.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, Mbeya na Iringa, na mengi yake mnayajua wenyewe: vyombo vya kuchungulia vikaanza kuletwa vya umeme, wasimamizi wakabadilika, mchele tukaacha kuukaanga tukapewa punje za dukani ambazo hazinukii kitu. Mtani sikumtafuta. Nilikuwa na kazi nyingi, na mtu hatafuti mtani kama anavyotafuta bisibisi. Nikawa Mzee. Mkaanza kunivutia kiti.

Mwaka huu mwanafunzi wangu Neema alianza kunisomea vipimo. Alisema, acha nikusomee, Mzee, upumzishe macho. Sauti yake ilikuwa ya upole sana, na nilimshukuru. Siku chache baadaye kikombe changu cha chai kilianza kuletwa mkononi. Nikaona pia kwamba meza yangu imesogezwa dirishani nilipokuwa Iringa, na hakuna aliyekiri kuisogeza. Sikusema kitu. Wiki moja kabla ya kuandika barua ya kustaafu, mtakumbuka, nilichukua lenzi mpya kabisa, nikaigeuza kwenye mwanga, nikawauliza wote saa ya chai, kana kwamba nawapa mtihani, ina rangi gani. Mkajibu pamoja, kwa adabu, zambarau, Mzee. Nikasema vizuri, nikairudisha kwenye sanduku lake.

Jumatatu ninakwenda hospitali. Daktari anasema siku hizi hakuna vifuko vya mchanga, na kwamba nimewahi, macho yote mawili yanaweza kutazamwa. Sijaandika haya kumlaumu mtu. Nimeandika ili mjue kwamba siku ile nilikuwa naona chai, na kwamba nilijua mnajua. Asante, Neema, kwa kunisomea. Asante aliyesogeza meza. Mlikuwa mnaniheshimu. Ila atakapofuata mwingine kati yenu, na atafuata, msimnyamazie kama mlivyoninyamazia. Mtafuteni mtani wake popote alipo, mmlete saa ya chai, mmwombe siku hiyo asitanie.